Mkaguzi mpya wa makao ya wazee, usianze na ratiba, anza na mzee

Haya nayaandika kwa nyie mnaoanza kazi ya kukagua nasing homu huku Marekani, hasa mliotokea kwenye uuguzi kama mimi. Nilianza kama msaidizi wa manesi, zamu ya usiku, nikasoma nikawa nesi, baadae ndo nikahamia kwa wakaguzi wa jimbo. Nilidhani kwa vile nimefanya kazi ya wodini nitakuwa mjanja kwenye suala la uchache wa wafanyakazi. Wapi! Ukaguzi wangu wa kwanza niliomba ratiba ya wiki mbili, nikahesabu majina, nikaona yapo ya kutosha, nikaweka tiki. Kesho yake mwenzangu akafunua shuka la bibi mmoja kwenye jengo hilohilo akakuta kidonda cha kulala muda mrefu bila kugeuzwa, sehemu ya chini ya mgongo, kimeingia ndani kabisa. Ratiba yangu ilikuwa inasema kila kitu kipo sawa.

Kwanza muelewe sheria yenyewe imekaaje maana wengi wanakuja wanadhani kuna namba fulani ya kitaifa, chini ya hapo ni kosa. Hamna. Sheria ya mageuzi ya 1987 na kanuni zake zinataka nesi aliyesajiliwa awepo saa 8 mfululizo kila siku, siku zote 7, nesi mwenye leseni awepo saa zote 24, na awepo mkuu wa wauguzi wa kudumu. Zaidi ya hapo neno ni "wa kutosha" kulingana na mahitaji ya wazee waliopo. Mwaka 2024 CMS, ile idara ya shirikisho inayosimamia Medicare na Medicaid, ilitoa kanuni yenye namba kabisa, saa 3.48 za huduma kwa kila mkazi kwa siku, na ndani yake saa 0.55 ziwe za nesi aliyesajiliwa na saa 2.45 za wasaidizi, ila Aprili 2025 mahakama ya shirikisho kule Texas ikaifuta, na Julai 2025 Congress nayo ikapitisha sheria ya kuzuia isitekelezwe mpaka 2034. Majimbo mengine yana namba zao wenyewe kwa hiyo kajifunze za jimbo lako, lakini kwa upande wa shirikisho umebaki na "wa kutosha", na hilo neno ukilipeleka peke yake mbele ya wakili wa makao atalichana dakika tano.

Ndo maana nasema anza na mzee. Tafuta kitu kilichompata, au ambacho hakikufanyika, halafu rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ufike kwenye idadi ya watu waliokuwepo usiku ule. Ukienda kinyume chake, kuanzia kwenye ratiba kwenda kwa mzee, utachoka na hutapata kitu.

Nirudi kwa yule bibi. Kwenye rekodi za kompyuta ilionyesha amegeuzwa kila baada ya saa mbili usiku kucha, safi kabisa. Ila ile sistimu inaweka na muda ambao mtu alibonyeza, na mizunguko yote minne ya usiku ilikuwa imebonyezwa kati ya saa kumi na moja na nusu na saa kumi na mbili kasoro alfajiri, mkono mmoja, kwa wazee wote wa upande ule. Mgeni anaona uvivu hapo, au uongo. Mimi nilishawahi kuwa yule dada anayebonyeza alfajiri, kwa hiyo nikamuuliza tu aliyebonyeza, ulikuwa na wazee wangapi? 22. Peke yako? Peke yangu.

Sasa piga hesabu. Zamu ya saa 8 ni dakika 480, toa 30 za kula zinabaki 450, gawa kwa 22, kila mzee anapata dakika 20 na sekunde kadhaa kwa usiku mzima, na humo ndani uweke kumgeuza mara nne, kumbadilisha, kumpa maji, kumpeleka chooni, kuitikia kengele, na bado hujaandika chochote. Halafu kati ya hao 22, 6 mpango wao wa huduma unasema wahudumiwe na watu wawili, sasa wa pili nani? Nesi, ambaye yuko kwenye toroli la dawa na upande mwingine wa jengo nao ni wake. Hapo sasa neno "wa kutosha" limepata nyama, una mzee, una kidonda, una mpango wa huduma uliosema saa mbili, una muda wa kubonyeza, una idadi. Kwenye namba za makosa tunazoandikia ripoti, kidonda kinaingia F686 na uchache wa watu F725, vinashikana mkono.

Namna ya kuuliza nayo ni kazi. Usimuulize msaidizi "mko wa kutosha?" maana atasema ndio, anataka kazi yake, na pengine bosi yupo nyuma ya mlango. Muulize jana usiku mlikuwa wangapi, wewe ulishika vyumba gani, nini hukuwahi kumaliza, ukihitaji mtu wa pili unamuita nani na anachukua muda gani kuja. Watu hawasemi uongo kirahisi kwenye maswali ya namna hiyo. Ongea nae pembeni, kwenye ripoti tumia namba sio jina, na usimnukuu kwa maneno ambayo kila mtu kwenye jengo atajua ni ya fulani. Nilishafanya hilo kosa na yule kijana ratiba yake ikawa inakatwa katwa mpaka akaondoka mwenyewe, sijalisahau.

Wazee wenyewe wanajua kuliko ratiba. Siku ya ukaguzi utashangaa korido zimejaa, watu wa ofisini wamevaa nguo za wodini wanaitikia kengele kwa tabasamu, mpaka wa masoko yumo. Wala usigombane nao. Muulize bibi aliyekaa karibu, "huyu aliyekuletea maji umeshamuona kabla?" Niliwahi kujibiwa "mwanangu, huyu leo ndo namjua," basi nikaandika hivyo hivyo na saa yake.

Makaratasi usiyaache, ila yaje ya pili. Kila siku makao yanatakiwa kubandika mahali pa wazi idadi ya wazee na saa halisi za manesi na wasaidizi kwa kila zamu, na kuyatunza miezi 18. Chukua hayo yaliyobandikwa, linganisha na kumbukumbu za kuingia na kutoka kazini, sio ratiba, ratiba ni nia tu. Halafu angalia na zile taarifa za PBJ, yaani za saa za kazi za wafanyakazi, ambazo toka 2016 makao yanapeleka CMS kila robo mwaka kutoka kwenye mishahara. Mkizifungua angalieni wikendi kwanza. Na mkuu wa wauguzi akihesabiwa kama nesi kiongozi wa zamu, uliza wazee ni wangapi, kama wastani umezidi 60 hairuhusiwi. Hii wengi wanaipita.

Usalama wa jengo kuna wakaguzi wa moto wanaoshughulika nao zaidi, lakini macho unayo. Mlango wa moto uliozuiliwa na kabari, maji ya bombani yenye moto wa kuunguza, mlango wa kutokea upande wa wazee waliopoteza kumbukumbu ambao kengele yake imezimwa kwa sababu "inasumbua". Jaribu mwenyewe. Mazoezi ya moto yanatakiwa kila robo mwaka kwa kila zamu, na ya usiku ndo yanayoandikwa bila kufanywa, muulize tu mtu wa usiku mara ya mwisho ilikuwa lini na yeye alifanya nini. Jenereta nayo usiridhike na daftari, uliza inawasha nini na nini. Mwaka 2017 baada ya kimbunga Irma, kule Hollywood, Florida, umeme wa kiyoyozi ulikatika kwenye makao fulani na wazee 12 wakafa kwa sababu ya joto, na ng'ambo tu ya barabara kulikuwa na hospitali ina umeme. Kanuni za kujiandaa na dharura zilikuwa zimeshatoka mwaka mmoja kabla. Na usiku kama ule hata jenereta ikiwaka bado unahitaji mikono ya kuhamisha watu, mnaona tunarudi palepale.

Kwenye kuandika ndo wengi wanaanguka. Jedwali la kupima uzito wa kosa linaanzia A, dogo kabisa, mpaka L, madhara halisi yanaanzia G, na J, K, L ni hatari ya papo hapo ambayo isipoondolewa makao yanaweza kufutiwa mkataba wao na Medicare na Medicaid ndani ya siku 23. Usikimbilie L kwa hasira, na usishuke D kwa huruma eti meneja ni mtu mzuri. Usiandike "wafanyakazi walikuwa wachache". Andika saa fulani taa ya kuita msaada ya chumba fulani iliwaka, ikakaa dakika 41, ndani mzee amelowa, msaidizi pekee alikuwa chumba kingine akimlisha mwenzake. Hakuna sifa, hakuna "cha kusikitisha", saa na vitendo tu. Wataleta rufaa yao, wataleta mawakili, waache wabishane na saa.

Wana siku 10 kuleta mpango wa marekebisho, na mara nyingi utakuta umeandikwa "wafanyakazi wameelimishwa upya". Msikubali kirahisi. Yule dada wa wazee 22 alikuwa anajua vizuri kugeuza mgonjwa, umuelimishe nini tena? Sisi tulirudisha ule mpango mara mbili mpaka ukaja na msaidizi wa pili wa usiku. Tulipoenda ukaguzi wa marudio tuliomba msimamizi atupange usiku, tukafika saa tisa, Jumapili alfajiri, tukakuta wapo wawili kweli, mmoja ana wiki moja tu kazini na hajui mashine ya kunyanyulia wazee inachajiwa wapi.