Jibu: Nani atawasemea watoto wazazi wakiachana?

Dada wa Mafinga, umeuliza kama wewe, jirani uliye tayari kujitolea, unaweza kuwasemea watoto ambao wazazi wao wanaachana. Unaweza, ingawa si kwa kusimama mahakamani kama wakili. Anza kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, kwa kuwa mahakama inaweza kumwagiza achunguze hali ya mtoto na kuandika taarifa, na hayo unayoyaona kila siku, kama vile nani humwamsha mtoto kwenda shule, yatamfaa sana. Sheria ya Ndoa ya 1971 huchukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni vyema akae na mama, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa. Aliyefikia umri wa kuwa na maoni yake, matakwa yake nayo huzingatiwa.

Nakusihi sana, usikubali mtoto aulizwe anamtaka nani mbele ya wazazi wote wawili. Hapa Mbeya nilimwona binti akiulizwa hivyo kikaoni, akabaki anasokota pindo la sweta lake mpaka uzi ukafumuka, huku watu wazima wakingoja jibu. Aongee na afisa peke yake, pasipo shangazi wala bibi. Ukiona anapigwa au ananyimwa chakula, usisubiri kikao chochote. Piga 116, namba ya msaada kwa watoto; simu hiyo ni ya bure.