Sindano ya Makka na sindano za mapajani

Hapa Amu, yaani Lamu, ukitaja chanjo ya homa ya uti wa mgongo, watu hufikiria Hija. Ni sindano ya wazee wanaojiandaa na safari, inayoandikwa kwenye kile kijitabu cha manjano. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwasaidia jamaa na majirani kutengeneza karatasi za Hija na Umra, na sijaona anayeibishia. Mtu anakunja mkono wa kanzu, anadungwa, anashukuru Mungu kwamba safari imekaribia. Lakini mjukuu wa mtu huyohuyo akiitwa kliniki kwa sindano zake, maneno huanza. Mtoto ana mafua, mngojeni. Juzi alidungwa akakesha na homa. Mwezi ujao.

Ndugu zangu, ugonjwa ni uleule, na unawaua watoto wachanga kwa wepesi kuliko unavyowaua mahujaji.

Mtoto wa dadangu aliupata kule Pate kabla hajatimiza mwaka. Alikuwa amepata sindano za wiki ya 6. Za wiki ya 10 na ya 14 zilimpita, maana kusi lilikuwa limechafua bahari na nyumbani kulikuwa na mgonjwa mwingine wa kuuguzwa. Ilianza homa, na homa pwani yetu huitwa malaria kabla ya kupimwa. Alipopimwa, malaria haikuonekana. Usiku akakataa ziwa. Kilio kikawa chembamba, cha juu, na ajabu yake ni kwamba akibebwa analia zaidi kuliko akilazwa. Utosi ulikuwa umetuna. Alfajiri akashikwa na degedege.

Nyumba ikagawanyika. Wako waliosema ni dege, pepo wa watoto, aandikiwe kombe kwanza, yaani aya za Kurani zinazoandikwa, zikaoshwa na kunywewa, hospitali baadaye. Mamangu ndiye aliyekata shauri: “Kombe atanyweshewa botini.” Wakaondoka. Sijasikia jibu bora kuliko hilo, na nimelirudia kwa watu wengi. Dua haihitaji kumchelewesha mtoto. Bakteria ya ugonjwa huu inaweza kumuua mtu ndani ya saa 24, na sisi wa visiwani tayari tumekatwa saa kadhaa na maji.

Hospitalini daktari aliomba ruhusa ya kutoa maji ya uti wa mgongo. Shemeji yangu alikataa, kwa kuwa alishasikia kwamba mtoto akichomwa pale hupooza. Hofu hii nimeikuta Malindi, nimeikuta Amu, na inawagharimu watu. Sindano ile huingizwa chini kiunoni, mahali ambapo uti wenyewe umeshakwisha na kubaki nyuzi za neva zinazoelea majini. Maji yale ndiyo yanayoonyesha kidudu gani kimeingia, na dawa gani itakiua. Mtoto anayekufa baada ya kipimo hicho kwa kawaida ameuawa na ugonjwa uliomfikisha pale. Shemeji alikubali, antibayotiki zikaanza, na mtoto akapona. Ila hasikii. Sasa ni mvulana mchangamfu, hodari wa kuogelea, na ukimwita kwa nyuma hageuki.

Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, kati ya watu 6 wanaopata homa hii ya bakteria, 1 hufa, na kati ya 5, 1 hubaki na madhara makubwa: uziwi, kifafa, viungo kulemaa, akili kuchelewa. Daktari hakutuambia kwamba dozi zilizokosekana zingemkinga kwa hakika. Alisema kwamba dozi moja peke yake haitoshi kujenga kinga imara.

Jambo ambalo wengi hawajaelezwa ni kwamba homa ya uti wa mgongo haitokani na kidudu kimoja. Ni uvimbe wa utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo, na wanaousababisha ni wengi. Ndiyo maana sindano nazo ni nyingi, kila moja na adui wake. Dau lenye matundu matatu halikupi usalama kwa kuzibwa moja. Ile ya kuzaliwa, inayoacha kovu mkononi, humkinga mtoto na kifua kikuu kinachopanda hadi kwenye ubongo. Ya paja la kushoto, penta, ndani yake mna kinga ya bakteria iitwayo Hib. Ya paja la kulia, PCV, ni ya numokokasi, bakteria ileile inayoleta nimonia. Penta na PCV hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ile ya mahujaji inazuia meningokokasi, bakteria nyingine, na haimo katika chanjo za kawaida za watoto hapa Kenya. Kwa hiyo babu aliyedungwa kwa ajili ya Makka hajamkinga mjukuu na Hib, wala mjukuu aliyemaliza kliniki hahesabiwi amechanjwa kwa Umra.

Ushahidi hatuutafuti mbali. Kenya ilianza kutoa penta mwaka 2001, na watafiti walioko Kilifi walikuwa wakihesabu watoto wanaolazwa. Kabla ya chanjo, maradhi makali ya Hib yalikuwa yakiwapata watoto 66 katika kila 100,000 wa chini ya miaka 5 kwa mwaka. Kufikia 2004 na 2005 walikuwa hawazidi 8. PCV ikaja 2011, na maradhi makali ya aina za numokokasi zilizomo kwenye chanjo yakapungua kwa zaidi ya sehemu tisa katika kumi. Hao ni watoto wa pwani yetu, wa mbu na joto letu hili.

Kwa wanaosafiri: Saudia inataka chanjo ya aina nne za meningokokasi, A, C, W na Y, na uwe umedungwa angalau siku 10 kabla ya kufika. Usiichukulie kama muhuri tu. Mwaka 2000 aina ya W ilizuka kwenye Hija, na mahujaji wakarudi nayo Uingereza na Ufaransa, ikawashika jamaa ambao hawakutia mguu Makka. Wanaoniuliza kama chanjo inafaa kwa Muislamu huwaambia waangalie ni nani anayeidai mlangoni.

Sasa fungua kitabu cha kliniki cha mtoto wako. Ukikuta nafasi tupu, nenda. Utaendelezwa pale ulipoachia, huanzi upya. Mafua au kikohozi kidogo havizuii sindano. Homa ya siku moja au mbili baada ya penta ni kawaida. Ukikuta nesi anayekukaripia kwa kuchelewa, vumilia, mtoto adungwe, kisha ndiyo mzungumze.

Na chanjo haifuti dalili. Mkubwa: homa kali, kichwa kisichovumilika, shingo iliyokaza hata kidevu hakigusi kifua, kutapika, mwanga kuumiza macho, kuchanganyikiwa. Mchanga: kukataa ziwa, kulegea, kilio kile nilichokieleza, utosi kutuna, degedege. Madoa mekundu au ya zambarau yasiyofifia ukiyabonyeza ni hatari kubwa. Kwenye ngozi yetu nyeusi yatafute viganjani, nyayoni na ndani ya kope. Usingoje asubuhi. Familia ya kisiwani iwe na nauli ya boti iliyotengwa na nambari ya nahodha anayepokea simu usiku. Mkifika, semeni wazi kwamba shingo imekaza, msiseme homa tu. Na ikithibitishwa ni meningokokasi, waliolala naye chumba kimoja nao waulize dawa ya kujikinga.

Mgonjwa akipona, dai apimwe masikio kabla hajaruhusiwa, au wiki chache baadaye. Kipimo hicho kisingojee mtoto achelewe kusema, maana anayejulikana mapema kuwa hasikii huanza mapema lugha ya ishara, na wazazi na ndugu zake wakaanza naye.