Baba hatetemeki, je, ni Parkinson kweli?

Dada, umeandika kwamba daktari amesema baba ana Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo wa mwili, ila majirani pale Kadutu, Bukavu, wanabisha kwa kuwa mikono yake haitetemeki. Usiwasikilize. Ugonjwa huu hauna sura moja.

Kuna wanaotetemeka zaidi: mkono umetulia pajani, kidole gumba kinasugua cha shahada kama anayehesabu noti. Wengine shida iko kwenye mwendo na mizani. Na wapo wa katikati. Daktari hupima kila dalili kwa alama 0 hadi 4, kisha hulinganisha wastani wa kutetemeka na ule wa kutembea na mizani. Njia hiyo ilipendekezwa 1990. Kundi si la kudumu, miaka ikipita mtu anaweza kuhama.

Kwa ulivyoeleza, baba yako anaelekea kundi la pili, na hilo linanitia hofu zaidi, maana watu hawa huanguka. Baba yangu alikuwa hivyo. Akifika mlangoni miguu inaganda, kiwiliwili kinaendelea mbele. Tulimchorea mistari ya chaki sakafuni, akawa anaivuka mmoja mmoja, na miguu ikatii. Msimvute mkono, tafadhali! Mhesabieni "moja, mbili", asubiri, aanze. Na zile ngazi za Kadutu asishuke peke yake, hasa siku ya mvua.

Andika saa anayomeza levodopa, ile dawa yake ya Parkinson, na saa miguu inapoganda. Karatasi hiyo mpelekee daktari. Dawa msiikatishe ghafla.