Jibu: Baiskeli Mbezi mpaka Kibaha kila asubuhi, inawezekana?

Mkuu, umeuliza kama Morogoro Road, ile barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam, inapandika kwa baiskeli toka Mbezi mpaka Kibaha kwenda job. Inawezekana, mimi nimeipiga muda tu, ila kuna vitu lazima uvijue kabla hujaingia.

Kwanza usibane kabisa ukingoni mwa lami. Wengi wanadhani ndo salama, kumbe hapo ndo kuna mchanga, vioo na misumari, na dereva akikuona umejibana anapita karibu zaidi maana anaona nafasi ipo. Acha kama nusu mita hivi, ili likija basi uwe na pa kukwepea.

Halafu upepo wa semitrela, huu ndo uliniogopesha mwanzoni. Likikupita linakusukuma nje, likishapita linakuvuta ndani, kwa hiyo shika usukani kwa mikono miwili, legeza viwiko, na usipige breki ghafla. Gari la kilomita 80 kwa saa linakata mita 22 kila sekunde, ukigeuka kuangalia nyuma sekunde mbili tu lishakufikia, ndo maana nakuomba sana funga kioo cha kulia kwenye usukani.

Daladala ikisimama kituoni usiipite kushoto, abiria wanaruka tu. Bodaboda wanaokuja upande wako kinyume nao wapo, wengine hawana hata taa.

Taa nyekundu ya nyuma na riflekta weka, helmeti vaa. Na mvua ikinyesha panda daladala tu ndugu yangu, siku hiyo iache baiskeli nyumbani.