Maswali ya Wasomaji: Je, Kufuma kwa Sindano ni Kazi ya Wanawake?

SWALI: Bi. Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu ninayeishi Njoro, Kaunti ya Nakuru. Natamani kujifunza kufuma kwa sindano mbili ili niwafumie wajukuu wangu skafu na kofia za msimu wa baridi. Wazee wenzangu wanasema hiyo ni kazi ya akina mama, tena ni jambo la wazungu. Je, ni kweli? Nami nianzie wapi? – Mwalimu Mstaafu, Njoro

JIBU: Mwalimu, wenzako hawajakosea kabisa, kwa maana ufumaji huu ulienea huku kwetu wakati wa ukoloni. Hata hivyo, mabaki ya kale zaidi yanayojulikana ya ufumaji wa sindano mbili au zaidi yalipatikana Misri, katika bara letu hili hili. Ni soksi za pamba za rangi ya nili na nyeupe, zilizofumwa kwa mviringo kuanzia kwenye vidole, yapata kati ya karne ya 11 na ya 14. Mapambo yake yamepangwa kwa ustadi mkubwa, jambo linaloonyesha kwamba waliozifuma hawakuwa wanafunzi.

Ulaya nako, kazi hii ilipokua na kuwa biashara, ilishikwa na vyama vya mafundi wanaume. Mjini Strasbourg, katika karne ya 17 na ya 18, kijana aliyetaka kuitwa fundi kamili alitakiwa kufuma, pamoja na vitu vingine, zulia kubwa lenye maua na picha, na baadhi ya mazulia hayo yangalipo. Mwaka 1589 Mwingereza William Lee alibuni mashine ya kufumia soksi, lakini Malkia Elizabeth wa Kwanza akakataa kumpa hataza, yaani haki ya kisheria ya kuumiliki ubunifu wake peke yake. Mashine zinazofuma sweta za shule leo zimetokana na wazo lake la kumpa kila mshono sindano yake yenye kulabu.

Sasa tuingie kazini. Nunua sindano za milimita 4 na uzi wa unene wa kati, wa rangi isiyokoza, usio na manyoya, kwa sababu uzi mweusi huficha vitanzi na anayeanza hukata tamaa bure. Anzisha vitanzi 30, yaani tengeneza vitanzi vya kwanza juu ya sindano moja, vitakavyokupa skafu yenye upana wa takriban sentimita 15, kisha ufume kila mstari kwa mshono ule ule mmoja: ingiza sindano katika kitanzi, zungusha uzi, vuta kitanzi kipya, uachie cha zamani. Usikaze uzi, maana vitanzi vilivyobana hukataa kupitisha sindano. La muhimu kuliko yote, hesabu vitanzi kila unapomaliza mstari. Wanaoanza wengi hushangaa skafu ikipanuka, na kwa kawaida chanzo ni uzi uliopita juu ya sindano pembeni, ukafanya kitanzi kimoja kionekane kama viwili.

Kofia ifuate baada ya skafu. Fuma kwanza kipande cha majaribio, uhesabu vitanzi vilivyomo katika sentimita 10, kisha upime kichwa cha mjukuu na kupunguza sentimita chache kwenye kipimo hicho, kwa kuwa kitambaa cha vitanzi huvutika na kofia isiyobana kidogo haitakaa kichwani.