Hofu ya mama kuingia kwenye mashine ya MRI
Pole sana, dada yangu wa Kigoma. Umeuliza mama afanyeje, kwa kuwa amepewa rufaa ya kwenda Mwanza kupigwa picha ya MRI ya titi (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, mgonjwa akiwa amelala ndani ya mashine yenye tundu kama bomba) wakati wa matibabu ya saratani, naye hawezi kuvumilia mahali pa kubana. Hofu hiyo si utoto hata kidogo. Waelezeni wahudumu mapema, kabla ya siku ya kipimo, ili daktari aamue kama atampa dawa ya kumtuliza; akipewa, lazima awe na mtu wa kumrudisha. Kwa titi hulazwa kifudifudi, kwa hiyo hataliona paa la mashine, ingawa kelele zake ni kubwa na atawekewa vizuia sauti masikioni. Mkononi hupewa kipira cha kubonyeza, na akikibonyeza wakati wowote mhudumu humsikiliza.