Jiwe Lililovunjwa Katikati: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Nimeipata barua yako ukiniuliza ni vipi mtu wa karne ya 13, asiye na maabara wala umeme, alivyoweza kujua kwamba sumaku ina ncha mbili. Alijua kwa mikono yake.

Petrus Peregrinus, Mfaransa wa Maricourt, alikuwa katika kambi ya jeshi lililouzingira mji wa Lucera, kusini mwa Italia, alipomwandikia rafiki yake Sygerus barua ya tarehe 8 Agosti 1269, iliyohusu sumaku tangu mwanzo hadi mwisho. Humo anasisitiza kwamba mchunguzi wa mambo haya sharti awe hodari wa kazi za mikono.

Alilichonga jiwe la sumaku likawa tufe, akalaza sindano juu yake, akachora mstari kufuata jinsi ilivyokaa, kisha akaihamisha na kuchora tena. Mistari yote ilikutana mahali pawili panapokabiliana, kama mistari ya longitudo inavyokutana kwenye ncha za dunia, naye akapaita ncha. Jiwe hilo akaliweka katika kibakuli cha mti kinachoelea majini, nalo likajizungusha mpaka ncha moja ikaelekea kaskazini.

Jaribio ninalolistahi zaidi ni lile la kulivunja jiwe. Wengi wetu tungedhani kwamba ncha ya kaskazini ingebaki kwenye kipande kimoja na ya kusini kwenye kingine. Yeye hakukisia: aliviweka vyote viwili majini, akaona kila kimoja kina ncha zake mbili, na kwamba pale palipovunjika pamezuka ncha mpya mbili zinazovutana, ambazo zikirudishwa pamoja hutoweka, jiwe likawa moja kama awali.

Ni kweli alikosea alipodhani nguvu hiyo hutoka kwenye ncha za mbingu, yaani mahali pawili angani ambapo nyota huonekana kupazunguka, na alipoamini kwamba gurudumu la sumaku laweza kuzunguka milele. Hilo halimpunguzii heshima kwangu, kwani ilipita miaka 331 ndipo tabibu Mwingereza William Gilbert, naye akitumia tufe la sumaku, akachapisha kwamba dunia yenyewe ni sumaku.

Sasa nawe chukua sindano ya kushonea, isugue kwenye sumaku kwa kuelekea upande mmoja tu, uilaze juu ya kipande cha kizibo katika bakuli la plastiki lenye maji. Ikitulia, ifunike kwa kitambaa isije ikakurukia machoni, uikate kwa koleo, ukiweke kila kipande juu ya kizibo chake majini, kisha uniandikie ulichokiona.

Mama yako